DAWA YA DENI NI KULIPA

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:6, 10-13, Mathayo 18:15-35, Warumi 13:7-8



Mwezi huu nataka tutafakari jambo ambalo mimbarani hatulitaji sana, ijapokuwa nyumbani kwetu latunyima usingizi. Jambo hilo ni deni.

Mkiifungua Injili ya Mathayo sura ya sita, mtaona kwamba katika Sala aliyotufundisha Bwana wetu limo neno hilo hilo, deni. Luka akaandika dhambi, lakini hata yeye hakuacha kumtaja mtu tunayemwia. Bwana wetu alisema na wakulima, wavuvi na vibarua. Alijua kwamba hakuna hata mmoja wao asiyejua maana ya kudaiwa, wala asiyejua uchungu wa kudai na kuzungushwa.

Sasa swali ambalo Wakristo wengi huniuliza ni hili: Je, nimdai ndugu yangu au nimwache? Na nikimdai, naruhusiwa kumpeleka mahakamani? Kabla sijajibu, yanipasa kuungama kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alinijia baada ya Ibada ya asubuhi. Alikuwa amemkopesha mshiriki mwenzake shilingi 120,000 ili aongeze bidhaa dukani. Fedha zile alikuwa ameziweka kwa karo ya binti yake. Waliagana miezi mitatu, ikapita miaka miwili. Kila alipokwenda aliambiwa njoo kesho, na kesho hiyo haikufika. Nami nikamjibu upesi, kwa maana nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye mkutano: "Mama, mwachie Mungu."

Akaniangalia, akasema, "Kasisi, Mungu nimeshamwachia. Karani wa shule ndiye hataki kumwachia."

Jumapili iliyofuata yule aliyedaiwa alipita na sahani ya sadaka kati ya viti, naye alipita mbele ya mama yule. Mimi niliipokea sahani ile madhabahuni, nikaiombea. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima. Ndugu zangu, shauri langu halikuwa msamaha. Lilikuwa uvivu uliovikwa kanzu. Aliyepaswa kusamehe ni mama, na mimi nilisamehe kwa mali yake.

Basi tuyatazame Maandiko, na sheria ya nchi yetu ya Kenya pia, kwa kuwa hakimu naye, asema Mtume Paulo katika Warumi 13, ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya wema.

KWANZA: NENO KWA ANAYEDAIWA

Zaburi ya 37, aya ya 21, yamweka mtu akopaye asilipe katika kundi la wasio haki. Hayo ni maneno mazito. Wengi wetu twadhani mwizi ni yule avunjaye mlango usiku. Lakini aliyeingia kwa mlango wa mbele, akakaribishwa chai, akapewa fedha kwa heshima, kisha akakusudia kutorudisha, huyo naye amechukua cha mwenzake. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya kukopa twacheka na kushukuru. Siku ya kulipa, yule aliyetuokoa twamwona kama adui.

Lakini najua kuna mwingine ambaye hakukusudia uovu. Mvua haikunyesha, kazi imekwisha, mtoto amelazwa. Huyo nampa mambo matatu ya kufanya.

La kwanza, usijifiche. Nenda wewe mwenyewe kabla hujaitwa, useme ukweli. Mdai huumizwa na kimya kuliko anavyoumizwa na ukosefu wa fedha.

La pili, andika deni lako na utie sahihi yako. Paulo alipomwombea Onesimo kwa Filemoni alisema deni lihesabiwe juu yake, na akaliandika kwa mkono wake mwenyewe. Mtume hakuona haya kuandikiana na rafiki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na urafiki hupotea pamoja nayo.

La tatu, lipa kidogo kidogo. Katika 2 Wafalme sura ya 4, mjane wa nabii alipotishwa kwamba wanawe watachukuliwa watumwa, Elisha alimwuliza kwanza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Na Mungu alipoyaongeza mafuta yale, nabii alimpa utaratibu: uza, lipa deni, kisha ishi kwa kitakachosalia. Angalieni utaratibu huo. Sisi mara nyingi hutanguliza kuishi, na deni hulipwa kwa kitakachosalia, nacho hakisalii.

Wala msidhani kwamba miaka ikipita deni limekufa. Ni kweli kwamba kwa sheria ya Kenya madai ya mapatano yana muda wa miaka sita tangu siku malipo yalipopasa kufanywa. Ikipita, mahakama haitamsikiliza mdai. Lakini ukilipa sehemu, au ukikiri deni kwa maandishi na sahihi, miaka ile yaanza kuhesabiwa upya. Sheria yaweka mpaka huo ili watu wasifufuliwe mashauri ambayo mashahidi wake wamekufa na karatasi zake zimeliwa na mchwa. Mpaka huo wafunga mlango wa mahakama tu. Ukihesabu miaka yako sita kwa siri huku ukishiriki Meza ya Bwana, Yeye asiyesahau ataihesabu pamoja nawe.

Neno moja kwa wadhamini. Mithali 22 yatuonya tusiwe wadhamini wa madeni tusiyo na cha kuyalipia, tusije tukanyang'anywa hata kitanda tulalacho. Ukitia sahihi kumdhamini mwenzako katika chama cha akiba na mikopo, umelifanya deni lake kuwa lako. Asipolipa yeye, watakuja kwako. Usitie sahihi kwa kuona haya.

PILI: NENO KWA ANAYEDAI

Wewe unayedai una haki. Lakini haki yako ina mipaka, na mipaka hiyo Mungu aliiweka zamani sana.

Soma Kumbukumbu la Torati 24. Mwenye kukopesha alikatazwa kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa kuwa kulichukua ni kuuchukua uhai wa mtu. Alikatazwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa. Asimame nje, mwenyewe amletee. Na kama mdaiwa ni maskini, na rehani yake ni vazi, lirudishwe kabla jua halijachwa apate kujifunika.

Sasa sikilizeni, maana hapa mimi mwenyewe nilishangaa. Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 21, yasema kwamba hata mtu akishindwa katika kesi, kuna vitu ambavyo dalali wa mahakama hana ruhusa kuvikamata: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na ya mkewe na watoto wake. Zana za fundi hazikamatwi. Mkulima naye huachiwa sehemu ya mifugo na zana zake, kwa thamani iliyowekwa na sheria. Mshahara hukatwa, lakini theluthi mbili haziguswi. Na aliyetumwa kumkamata mdaiwa haruhusiwi kuingia nyumba ya kuishi baada ya jua kuchwa na kabla halijachomoza. Jiwe la kusagia, vazi, mlango, machweo: yote yamo. Sisemi waliotunga sheria walikuwa wamefungua Torati mezani. Nasema kwamba mtu akitafuta haki kwa unyofu, atafika karibu na yale ambayo Mungu alimwambia Musa.

Basi Mkristo asifanye kile ambacho hata dalali amekatazwa. Kwenda na vijana usiku ukabeba televisheni ya jirani yako kwa kuwa anakudai au unamdai si kulipwa; ni kuvunja sheria. Hata dalali mwenyewe hana budi kuwa na amri, aorodheshe mali, na kutoa notisi ya siku saba kabla ya kuiondoa.

Usikimbilie polisi pia. Kushindwa kulipa mkopo si jinai. Ikiwa palikuwa na udanganyifu tangu mwanzo, hilo ni jambo jingine, na polisi watalichunguza. Lakini kituo cha polisi si ofisi ya kukusanyia madeni.

Wala usimtangaze. Siku hizi tuna vikundi vya simu vya akina mama, vya kwaya, vya jumuiya, na mtu aweza kuaibishwa mbele ya watu mia mbili kabla chai haijapoa. Wakopeshaji wa simu walizoea kuwapigia mama wakwe na waajiri wa waliochelewa kulipa. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 ziliwakataza vitisho, lugha chafu na kuwasumbua watu walio katika orodha ya simu ya mkopaji. Ikiwa serikali imeona haya kwa niaba ya wenye biashara, sisi tulio wa nyumba ya Mungu tusiwe nyuma.

Na wewe utakaye kumfunga mwenzako, soma mfano wa Bwana katika Mathayo 18. Yule mtumwa alisamehewa talanta elfu kumi. Dinari ilikuwa ujira wa siku moja, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Hesabuni: ni ujira wa siku milioni sitini. Mtu akifanya kazi siku mia tatu kila mwaka, atahitaji miaka laki mbili. Naye alipotoka nje alimkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari mia, akamtupa kifungoni. Aliyefungwa hawezi kufanya kazi. Asiyefanya kazi hawezi kulipa. Hasira haikujua hesabu.

Sheria yetu bado inacho kifungo cha madai, lakini imekizungushia ua. Lazima mdaiwa aitwe kwanza ajieleze. Mahakama iridhike kwamba anacho na anakataa, au ameficha mali, au anataka kutoroka. Maskini asiye na kitu hafungwi kwa umaskini wake. Hata Mkataba wa Mataifa wa mwaka 1966, ambao Kenya iliukubali mwaka 1972, wakataza mtu kufungwa kwa sababu tu hawezi kutimiza mapatano. Kifungo chenyewe hakizidi miezi sita, mdai ndiye atoaye fedha za chakula cha mfungwa, na akitoka deni lipo pale pale. Nani amefaidika?

TATU: NJIA YA KUDAI KAMA WATU WA MUNGU

Katika Mathayo 18, kabla ya mfano huo, Bwana wetu alitupa ngazi. Nilipotubu kosa langu nilimwendea yule mama, nikamwomba radhi, tukaipanda ngazi hiyo pamoja.

Ngazi ya kwanza: nenda wewe na yeye, peke yenu. Mama alikwenda dukani mchana, akasubiri wateja waondoke, akasema bila ukali. Aliahidiwa. Hakuona kitu.

Ngazi ya pili: chukua mmoja au wawili. Tulikwenda mzee mmoja wa kanisa na mimi. Siku ile tulipata karatasi: kiasi cha deni, shilingi 10,000 kila mwezi, tarehe, sahihi za wote wawili na za mashahidi. Alilipa miezi mitatu, kisha kimya. Nasi sote tulikuwa tukiona akijenga vyumba vya kupangisha.

Ngazi ya tatu: liambie kanisa. Wazee walimwita mara mbili, hakuja.

Ndipo mama akaniuliza kama ni dhambi kwenda mahakamani. Wengi hutaja 1 Wakorintho 6, ambapo Paulo awakemea Wakristo wanaoshitakiana mbele ya wasioamini. Lakini someni sura ile mpaka aya ya nane. Paulo auliza kama hakuna mwenye hekima miongoni mwao awezaye kuamua. Yaani kanisa ndilo lililopaswa kuketi kwanza. Kisha awageukia wale wanaodhulumu, tena wanaowadhulumu ndugu zao. Sisi huwasomea waliodhulumiwa nusu ya kwanza ya sura, na waliodhulumu hatuwasomei nusu ya pili. Paulo mwenyewe alipokosa haki alikata rufani kwa Kaisari, katika Matendo 25. Na Ibara ya mwisho ya zile Ibara Thelathini na Tisa za Kanisa letu yakubali kwamba Mkristo aweza kuapa mbele ya hakimu, mradi aape kwa kweli na kwa haki.

Basi mama aliandika barua ya madai, akampa siku kumi na nne. Hazikuzaa kitu. Akaenda katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hizi zimewekwa na sheria ya mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021. Sasa ziko katika miji mingine pia, Mombasa ikiwamo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Si lazima uwe na wakili. Waweza kujieleza mwenyewe, kwa Kiswahili. Haibanwi na taratibu ngumu za ushahidi, na sheria yaitaka itoe uamuzi katika siku sitini tangu madai yalipowekwa. Madai makubwa zaidi huenda kwa mahakimu. Na hata huko milango ya mapatano haifungwi, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 159, yazitaka mahakama zihimize upatanisho.

Mama alikwenda na daftari lake na ile karatasi yenye sahihi. Mwamuzi aliwasikiliza wote wawili, akaamuru zilipwe shilingi 90,000 zilizobaki, pamoja na gharama. Zikalipwa. Binti amemaliza shule, akiwa amechelewa mwaka mmoja, na mwaka ule nusu yake naubeba mimi.

NENO LA MWISHO

Mtaniuliza, msamaha uko wapi basi? Kusamehe ni kwa mwenye mali, naye asamehe kwa hiari akijua kiasi anachosamehe. Kumbukumbu la Torati 15 yaamuru kila mwaka wa saba madeni ya ndugu yaachiliwe. Kwa hiyo ukimwona mdaiwa wako hana, kweli hana, chukua ile karatasi, uipasue mbele yake, mle chakula pamoja. Mtakuwa mmeihubiri Injili kuliko mimi. Bali mwenye nacho, asamehewe nini asichotaka kutubia?

Kitabu chetu cha Sala cha mwaka 1662 chamwagiza kasisi asiwakaribishe Mezani watu walio na chuki kati yao mpaka wamepatana. Na ikiwa mmoja yu tayari kwa moyo wote na mwingine akataa, yule aliye tayari apokelewe. Agizo hilo tumelisahau. Nawasihi, kabla ya Ushirika Mtakatifu ujao, kila mmoja afungue daftari lake. Anayedaiwa aende. Anayedai aende pia. Kutaneni njiani, kama Bwana alivyosema, kabla hamjafika kwa mwamuzi.

Yule ndugu mwenye duka hajarudi kanisani tangu siku ya uamuzi. Nimekwenda kwake mara mbili, akaniambia ana kazi. Mara ya tatu mama mwenyewe alinituma. Alisema, "Mwambie deni limekwisha. Kiti chake kipo." Nimempelekea salamu hizo, nami namngoja. Nawaomba nanyi mmwombee, na mkikutana naye sokoni mmsalimu kama zamani.

Tuombe:

Ee Baba wa rehema, uliyetuachilia deni tusiloweza kulipa kwa damu ya Mwanao mpendwa: wape wanaodaiwa moyo wa unyofu, wape wanaodai moyo wa huruma, wape waamuzi wetu haki, nasi wachungaji utuepushe na mashauri ya haraka, ili tukiwa hatuwiwi kitu na mtu ila kupendana, tuikaribie Meza yako kwa amani, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.